Dora Bruder na Madaftari Yaliyoandika Jina Lake

Kitabu cha Patrick Modiano kiitwacho Dora Bruder, kilichotolewa Paris mwaka 1997, kinaanza na tangazo dogo la gazeti. Tarehe 31 Desemba 1941 gazeti la Paris-Soir lilitangaza kwamba anatafutwa binti wa miaka 15, kimo chake mita 1.55, uso wa umbo la yai, macho ya kijivu na kahawia. Amevaa koti la kijivu, sweta ya rangi ya damu ya mzee, sketi na kofia za buluu iliyokoza, na viatu vya kahawia. Mwenye habari zake aliombwa awapelekee Bwana na Bibi Bruder, nyumba namba 41, barabara ya Ornano. Matangazo ya namna hiyo twayasikia hata leo redioni, na mara nyingi mtoto hupatikana kabla jua halijatua. Lakini Paris wakati ule ilikuwa chini ya jeshi la Wajerumani, na familia ya Bruder ilikuwa ya Kiyahudi. Haikupita miezi kumi na minne, baba, mama na binti walikuwa wote wameshapakiwa katika treni za kwenda Auschwitz. Hakuna aliyerudi.

Tumekichagua kitabu hiki kwa mkusanyiko wetu ingawa si kitabu cha dini. Hakina sala, wala mwandishi hasemi lolote kuhusu imani yake. Hata hivyo kinagusa jambo ambalo sisi waamini tunalifanya kila mwaka, hasa mwezi wa Novemba, tena pengine bila kulifikiri sana: kuwakumbuka waliokufa na kuyataja majina yao. Modiano anauliza, kwa njia yake ya polepole, kama kuna namna ya kumkumbuka mtu ambayo inamwibia ukweli wake kwa mara ya pili. Tunadhani swali hilo linafaa kuulizwa ndani ya Kanisa kuliko mahali pengine popote.

Mwandishi mwenyewe alizaliwa Julai 1945, vita vikiwa vimeshakwisha Ulaya. Baba yake alikuwa Myahudi aliyenusurika Paris kwa kujificha na kwa biashara za magendo. Mwaka 2014 Modiano alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Tangazo lile aliliona mwaka 1988 alipokuwa akipekua gazeti la zamani, likamkaa moyoni. Kwanza alijaribu riwaya ya kubuni, iliyotoka mwaka 1990, ambamo msichana ana jina jingine na maisha mengine. Haikumtosha. Akaanza kutafuta karatasi. Anasema ilimchukua miaka minne kuijua tarehe ya kuzaliwa ya Dora, ambayo ni 25 Februari 1926, na miaka miwili zaidi kujua alizaliwa wapi: hapo hapo Paris, katika mtaa wa 12. Katika ofisi moja ya serikali alizungushwa ngazi na korido, akitakiwa kueleza ana udugu gani na huyo anayemtafuta. Tunaomba msomaji asiziruke kurasa hizo kwa kuwa zinachosha. Zimeandikwa zichoshe.

Baba yake Dora, Ernest Bruder, alizaliwa Vienna mwaka 1899. Alijiunga na kikosi cha wageni katika jeshi la Ufaransa, akapigana Moroko, akajeruhiwa na kuandikwa kuwa mlemavu wa vita kwa asilimia 100. Nchi aliyoimwagia damu haikumpa uraia. Mama, Cécile Burdej, alizaliwa Budapest mwaka 1907. Walioana Paris mwaka 1924, wakaishi maisha ya watu wa chini, wakihama huku na huku mpaka wakafikia chumba kimoja katika hoteli ya bei rahisi, hiyo namba 41 ya barabara ya Ornano. Dora alikuwa mtoto wao wa pekee. Huyo ndiye waliyempeleka kwa masista.

Shule ilikuwa ya bweni, jina lake Saint-Cœur-de-Marie, yaani Moyo Mtakatifu wa Maria, katika barabara ya Picpus. Modiano alilipata daftari la shule. Ndani yake Dora ameandikwa kwa mpangilio ule ule tunaoujua kutoka shule zetu za misheni: jina, tarehe ya kuzaliwa, wazazi, siku ya kuingia, siku ya kuondoka na sababu yake. Aliingia tarehe 9 Mei 1940. Aliondoka tarehe 14 Desemba 1941. Sababu ya kuondoka: alitoroka.

Hapa ndipo msomaji Mkristo anapopata kishawishi, nasi tulikipata. Tunaona shule ya masista, tunaona binti wa Kiyahudi, na kabla ya kufungua ukurasa unaofuata tumeshaandika mahubiri vichwani mwetu: masista wema walimficha mtoto asiye wa kwao, kwa hatari ya maisha yao. Wapo masista waliofanya hivyo kweli katika Ufaransa, na sifa zao ni haki yao. Lakini iangalie tarehe. Dora aliandikishwa tarehe 9 Mei 1940, na Ujerumani ikaishambulia Ufaransa tarehe 10 Mei. Siku alipopokelewa hakukuwa bado na Wajerumani mjini Paris wala sheria ya kuwaandikisha Wayahudi. Alipelekwa pale kama watoto wengi wa maskini wanavyopelekwa bweni, kwa kuwa nyumbani ni chumba kimoja. Baadaye, hatari ilipokuja, kuta za shule yamkini zilimkinga. Je, masista walitambua kwamba zinamkinga? Je, Dora alipendwa pale, au alionewa? Modiano hasemi kwamba walikuwa watakatifu, wala kwamba walikuwa wakatili. Mama Mkuu wa wakati ule alikwisha kufa mwandishi alipoanza kuuliza. Anachojua ni kwamba mabweni ya namna ile yalikuwa na nidhamu kali na ubaridi, kwamba Jumapili jioni mtoto alirudi pale kama anayerudi kifungoni, na kwamba Jumapili moja ya Desemba Dora hakurudi.

Hatukuifurahia sehemu hii tulipoisoma mara ya kwanza. Tulitaka zaidi. Sasa tunaona kwamba ndiyo sehemu iliyo bora kuliko zote.

Turudi nyuma kidogo, Oktoba 1940, maana bila mwezi huo kitabu hakieleweki. Mwezi ule Wayahudi wa Paris waliamriwa kwenda vituo vya polisi kujiandikisha. Ernest Bruder alikwenda. Alijiandikisha yeye na mkewe, akapewa namba ya jalada. Binti yake hakumtaja. Hatujui alijiambia nini moyoni. Pengine alifikiri kwamba binti yuko salama kwa masista na hakuna haja ya kumtia katika orodha, au pengine ni silika tu ya mzazi, kama kuku afunikaye vifaranga kabla hajamwona mwewe. Kwa mwaka mmoja na zaidi Dora hakuwamo katika karatasi za polisi.

Kisha mtoto akatoroka. Sasa, ndugu msomaji, mtoto wako akipotea unakwenda wapi? Unakwenda polisi. Lakini kwa Ernest Bruder kwenda polisi kulikuwa ni kwenda kusema: ninaye binti, sikumwandikisha, jina lake ni hili, urefu wake huu, nguo zake hizi. Ukikaa kimya, mtoto anazunguka peke yake katika mji wenye amri ya kutotoka nje usiku, katika majira ya baridi kali. Ukisema, unamtoa mwenyewe. Baba huyo alikaa siku kumi na tatu. Tarehe 27 Desemba akaenda kituoni. Siku nne baadaye tangazo likatoka gazetini.

Modiano anazieleza siku hizo kumi na tatu kwa maneno machache mno. Mwandishi mwingine angetupa kurasa ishirini za baba akitembea chumbani usiku, mama akilia, mishumaa na machozi. Yeye anaziweka tarehe mbili, moja kando ya nyingine, anaondoka. Sisi tulio wazazi tunaweza kuijaza nafasi hiyo wenyewe, na kila mmoja ataijaza kwa hofu yake.

Ukikisoma kitabu chote utaona kwamba jina la Dora limeandikwa na mikono mingi. Masista waliliandika ili wajue ni mtoto wa nani na nani analipa ada. Baba alikataa kuliandikisha kwa kumpenda, kisha, kwa upendo ule ule, akalitoa litangazwe gazetini. Polisi wa Ufaransa waliliandika tarehe 19 Juni 1942, alipoingizwa Tourelles, kambi ya zamani ya askari iliyogeuzwa gereza, na mbele ya jina wakatia herufi moja ya kuonyesha kwamba ni Myahudi. Wakaliandika tena alipohamishiwa kambi ya Drancy tarehe 13 Agosti, na tena katika orodha ya treni ya tarehe 18 Septemba. Wino ni ule ule, na pengine mwandiko wa karani mmoja unafanana na wa mwingine. Sisi Wakatoliki ni watu wa madaftari: la ubatizo, la kipaimara, la ndoa, la wafu. Tunaamini kwamba kuandikwa jina ni heshima. Kitabu hiki kinatuonyesha kwamba kuandika jina kwenyewe hakuna wema wala ubaya mpaka ijulikane daftari litafunguliwa na nani, na kwa nini.

Tufike kwenye jambo lililofanya wahakiki wengi wakisifu kitabu hiki, nasi tunakubaliana nao ingawa kwa sababu zetu. Tangu 14 Desemba 1941 mpaka 17 Aprili 1942 Dora hajulikani alikuwa wapi. Miezi minne. Siku ya 17 Aprili karatasi ya polisi inasema amerudi kwa mama yake. Baba alikuwa amekamatwa mwezi mmoja kabla, tarehe 19 Machi. Kisha binti akatoroka tena, na katikati ya Juni alikuwa mikononi mwa wenye mamlaka. Miezi ile minne Modiano ameizunguka kama mtu anayezunguka nyumba iliyofungwa. Anatafuta habari za hali ya hewa, siku gani theluji ilianguka, siku gani baridi ilizidi. Anatembea katika barabara alizoweza kupita Dora. Anakumbuka utoro wake mwenyewe alipokuwa kijana. Lakini mlango hauvunji. Mwisho wa kitabu anaiita miezi ile siri ya Dora mwenyewe, kitu pekee ambacho waliomuua hawakuweza kumnyang'anya.

Kwa nini hili lituguse? Kwa sababu katika kuwakumbuka wafu wetu tuna mazoea ya kujaza. Kwenye matanga tunasoma wasifu ambao marehemu mwenyewe asingeutambua. Kwa mtu aliyekufa kwa kudhulumiwa tunajaza zaidi: tunampa maneno ya mwisho, tunampa msamaha aliowasamehe wauaji, tunampa utulivu. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo, na marehemu ni jirani asiyeweza kujibu. Uongo mtamu juu yake bado ni uongo. Modiano, ambaye si mhubiri, ameitii amri hiyo kuliko vitabu vingi vya dini tulivyovisoma kuhusu Shoah.

Ila mahali pamoja anaondoka kwenye utaratibu wake. Mwanzoni mwa Septemba 1942 Wayahudi wenye uraia wa Ufaransa waliokuwa Drancy walianza kuhamishiwa kambi nyingine, Pithiviers. Dora alikuwa na uraia huo kwa kuwa alizaliwa Ufaransa na baba yake alikuwa ameutolea tamko. Wasichana wengine walioingia Drancy siku moja naye walihamishwa. Yeye hakuhamishwa. Modiano anasema ni rahisi kukisia sababu: Dora alitaka kubaki na baba yake, ambaye alikuwa kambini hapo tangu Machi. Hakuna karatasi inayosema hivyo. Hapa mwandishi anakisia, tena anakisia kile hasa ambacho sisi wasomaji tunatamani: binti mtoro, aliyekimbia shule na kuikimbia nyumba, mwishowe anachagua kukaa.

Tulijadiliana sana juu ya sentensi hiyo. Yupo anayeweza kusema kwamba ni udhaifu, kwamba baada ya kurasa zaidi ya mia za kujizuia mwandishi ameshindwa. Hatudhani hivyo. Amekisia waziwazi, akituambia kwamba anakisia, na hakupamba: hakuna maneno kati ya baba na binti, hakuna kukumbatiana. Ni kama shahidi mahakamani anayesema, hili sikuliona, lakini kwa niliyoyaona naamini ilikuwa hivi. Shahidi wa namna hiyo hakimu humwamini zaidi, si pungufu. Wote wawili, baba na binti, waliondoka katika msafara mmoja tarehe 18 Septemba 1942. Kesho yake, kwa sababu ya bomu lililolipuliwa katika jumba la sinema, Wajerumani waliwaamuru watu wa Paris kutotoka nje tangu saa tisa mchana, na mji ukawa mtupu. Modiano anaona utupu huo kama wa mji uliofiwa, nasi tunamwachia mwandishi haki ya kuona hivyo.

Sasa kasoro, maana zipo. Ya kwanza ni ndogo: majina ya barabara. Msomaji asiyeijua Paris atachoka, na hakuna ramani ya kumsaidia. Ya pili ni kwamba mwandishi anamwingiza sana baba yake mwenyewe. Wengine wamelalamika kwamba Dora anageuka kisingizio cha Modiano kulia msiba wake. Tunaona lalamiko hilo lina ukweli nusu. Zipo kurasa ambamo tulitamani anyamaze kuhusu ugomvi wake na baba. Lakini baba huyo alikuwa Myahudi katika mji ule ule, majira yale yale ya baridi, akakamatwa mwezi Februari na kuponyoka, akapona. Mtoto wa aliyepona anamtafuta mtoto wa asiyepona. Asingesema hivyo angekuwa amejificha.

Kasoro ya tatu ni nzito. Mwanasheria Serge Klarsfeld, ambaye baba yake alikamatwa Nice mwaka 1943 na kufia Auschwitz, alichapisha mwaka 1978 kitabu kikubwa chenye majina ya Wayahudi waliopelekwa kutoka Ufaransa, karibu 76,000, msafara baada ya msafara. Bila kazi hiyo watu wengi wa namna ya Dora wasingefuatilika. Modiano aliiheshimu na kuisifu gazetini. Klarsfeld naye alimsaidia kupata nyaraka na picha za familia ya Bruder. Lakini ukisoma Dora Bruder utamwona mtafutaji mmoja tu, mpweke, anayetembea mvuani akigonga milango ya ofisi. Klarsfeld hatajwi katika utafutaji huo, naye hakuficha kwamba jambo hilo lilimuudhi. Tunaelewa sababu ya kifasihi: upweke wa mtafutaji unaendana na upweke wa anayetafutwa. Haitoshi. Kitabu kinachodai kwamba kila jina lina thamani kilipaswa kulitaja na hilo. Tunalisema bila kupunguza sifa tulizokwisha kutoa.

Msomaji wa mkusanyiko huu atauliza: na Kanisa lilikuwa wapi? Modiano halijibu, wala hakusudii. Inabidi tujibu sisi, kwa kifupi na kwa ukweli. Tarehe 16 na 17 Julai 1942 polisi wa Ufaransa, wengi wao wabatizwa, waliwakamata mjini Paris na viungani mwake karibu Wayahudi 13,000, na zaidi ya 4,000 kati yao walikuwa watoto. Tarehe 22 Julai makardinali na maaskofu wakuu wa sehemu iliyokaliwa na Wajerumani walimpelekea Marshal Pétain barua ya kulalamika. Haikutangazwa kwa watu. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 23 Agosti, Askofu Mkuu Jules-Géraud Saliège wa Toulouse, mzee mgonjwa aliyekuwa akizungumza kwa taabu, aliagiza barua yake isomwe makanisani: kwamba Wayahudi ni watu, ni ndugu zetu, na Mkristo hawezi kulisahau hilo. Barua mbili, Kanisa moja. Ya kwanza ilikuwa ya heshima na ikabaki mezani. Ya pili iliwafikia watu kupitia mimbari, na wapo walioifuata wakafungua milango yao.

Katika gereza la Tourelles Dora alikaa pamoja na wanawake ambao hawakuwa Wayahudi kabisa. Tangu tarehe 7 Juni 1942 Wayahudi walilazimishwa kuvaa nyota ya njano kifuani, na wanawake hao, karibu kumi, waliivaa kwa hiari yao kuwakejeli walioitunga amri. Mmoja aliifunga shingoni mwa mbwa wake. Mwingine alizitia nane kwenye mkanda, na juu yake herufi zinazounda neno la Kifaransa la ushindi. Walikuwemo mwanafunzi, muuza magazeti, mfanya usafi. Polisi waliwaita marafiki wa Wayahudi, wakidhani ni tusi. Modiano anawapa nafasi ndogo lakini anayataja majina yao. Hasemi walisali kanisa gani, wala kama walisali.

Mwaka ule ule kitabu kilipotoka, tarehe 30 Septemba 1997, maaskofu wa Ufaransa walikusanyika Drancy, mahali pale pale Dora na wazazi wake walipopakiwa, na Askofu Olivier de Berranger akasoma tamko la kutubu kwa ajili ya ukimya wa Kanisa lao. Ilikuwa miaka 32 tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Nostra Aetate ya tarehe 28 Oktoba 1965, kukataa kuwabebesha Wayahudi wote lawama ya mateso ya Yesu. Mafundisho hayo ni ya Kanisa zima, la kwetu likiwamo. Hata hivyo Juma Kuu likifika bado utasikia watoto wakifundishwa, na watu wazima wakirudia, kwamba Wayahudi walimuua Yesu, kana kwamba mama yake na mitume wake walikuwa wa kabila jingine. Anayefundisha hivyo hana nia mbaya. Wengi wa waliounyamazia mwezi wa Julai 1942 nao hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wamefundishwa hivyo utotoni.

Kuna jambo moja tungewaomba wasomaji wetu wajihadhari nalo baada ya kukisoma. Kwa mapenzi mema kabisa tunaweza kumfanya Dora kuwa wetu: kumwita shahidi, kumpa mahali katika orodha ya watakatifu wadogo wa mioyo yetu, kwa kuwa alilelewa mwaka mmoja na nusu chini ya picha ya Bikira Maria. Hakuuawa kwa kuwa alisoma kwa masista. Aliuawa kwa kuwa ni Myahudi, binti wa Ernest na Cécile. Jumba la ukumbusho la Yerusalemu, Yad Vashem, limechukua jina lake katika Isaya sura ya 56, ambamo Mungu anawaahidi wasio na watoto ukumbusho na jina ndani ya nyumba yake. Ni nyumba yake na jina lao. Hakuna panapotakiwa sisi tubadilishe.

Ndani ya kitabu zimo pia barua ambazo jamaa za waliokamatwa walimwandikia mkuu wa polisi wa Paris, wakiomba habari za mjukuu, za mume, za binti, kwa lugha ya unyenyekevu ya watu wanaoandika kwa wakubwa. Hazikujibiwa. Modiano anasema kwamba sisi, ambao wakati ule hatukuwa tumezaliwa, ndio tumekuwa wapokeaji wake. Anayetaka kusoma kurasa chache tu kabla ya kuamua kama atakisoma kitabu chote, aanze na hizo.

Tarehe 1 Juni 2015 mji wa Paris uliipa njia moja ya waenda kwa miguu jina la Dora, karibu na barabara ya Ornano. Mama yake hana njia. Cécile alikamatwa siku ya msako mkubwa, 16 Julai 1942, akapelekwa Drancy, na huko alimkuta mumewe. Tarehe 23 Julai aliachiwa, yamkini kwa sababu alizaliwa Budapest na amri ya kuwapeleka Wayahudi wa Hungaria ilikuwa haijatoka. Kwa hiyo mwezi ule wa Septemba treni ilipoondoka na mume na mtoto, yeye alikuwa nje. Alikaa nje Septemba, Oktoba, Novemba, Desemba. Kama alipata kwenda Tourelles siku ya kuwatembelea wafungwa na kumwona binti yake, Modiano anauliza na hapati jibu. Tarehe 9 Januari 1943 aliingizwa tena Drancy, na tarehe 11 Februari akawekwa katika msafara wa 47. Alikuwa na umri wa miaka 35. Kitabu kinampa mistari michache, nasi tulizisoma kurasa zake mara mbili tukitafuta mingine.